Kwa Siku, Mkanda Mmoja

Jengo la maduka ya elektroniki siku ya Jumatatu halina adabu: spika zinashindana, watu wanasukumana, kila mtu ana haraka. Katikati ya vurugu hiyo akaja mwalimu wa hesabu, gauni la njano, chaki bado mkononi, kamera ya zamani kaiinua juu ya kichwa isigongwe. Aliyegongwa ni fundi, kiwiko cha mbavu, mlangoni pa kibanda chake mwenyewe.

"Samahani, kaka! Nimekuumiza?"

"Umeniumiza, na dawa unayo wewe." Kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi utadhani bwana harusi. "Hiyo kamera inaumwa nini?"

"Haiumwi. Nina mikanda mitano, nataka picha zake ziingie kwenye kompyuta ya nyumbani. Waya wa kuunganisha ndio sina."

Jamani, kazi yenyewe nyepesi: unachomeka waya, mkanda unacheza, kompyuta inarekodi. Mkanda wa saa moja, saa moja. Fundi alilijua hilo vizuri sana. Lakini moyo ulishamponyoka, ulimi nao ukafuata.

"Mikanda ya zamani haitaki pupa," akasema bila kupepesa. "Kwa siku, mkanda mmoja."

Na mwalimu, anayewakaripia watoto wa watu wakikosea kugawanya, akaitikia "sawa" bila swali. Mapenzi, bwana!

Jumatatu, pale kibandani, mkanda wa kwanza ulikuwa kuku wa jirani. Jumanne, harusi ya shangazi; baba wa mwalimu, mpiga picha wa familia, alimkata kichwa kwenye picha mwanzo hadi mwisho. Walicheka mpaka machozi, wakanywa soda moja kwa mirija miwili. Mwalimu alipofika nyumbani tu, simu ikaita.

"Umefika, mrembo?"

"Nimefika, msumbufu."

"Kesho usichelewe."

"Na wewe usivae lile shati, linanivuruga akili."

Jumatano, mkanda wa tatu ndio kwanza unaingia, simu ya mwalimu ikalia. Hospitali. Alipomaliza kuzungumza, uso ulikuwa umembadilika.

"Upasuaji wa macho ya Baba umesogezwa. Ni kesho asubuhi, na daktari hajaahidi kama ataona tena. Kwenye mikanda hii yumo marehemu mama yangu. Mkanda gani, hatujui. Kioo cha kamera ni kidogo kama biskuti, Baba haoni kitu. Anataka amwone mara moja tu kwenye kompyuta. Iliyobaki haiwezi kwisha leo?"

Fundi akainamisha kichwa. "Inaweza. Mitatu, saa tatu. Hata Jumatatu ingekwisha yote."

Hapo ndipo mwalimu alipopiga hesabu.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilitaka urudi."

"Si ungesema! Mdomo huna?" Akachomoa kamera, akazoa mikanda yake, akaondoka.

Fundi akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Ya tatu ikapokelewa, naye akamwaga yote kwa pumzi moja: "Mpenzi wangu, nisamehe, mimi mjinga, nakupenda mpaka nimepotea njia..."

"Mimi si mpenzi wako," ikajibu sauti nzito. "Mimi ni baba yake. Wewe ndiye wa mkanda mmoja kwa siku?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Waya unao?"

"Ninao."

"Sasa unangoja nini?"

Saa kumi kamili yuko sebuleni kwao, anatweta, waya shingoni. Mwalimu alimfungulia mlango bila salamu. Mzee akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Mkanda wa tatu: mvua uani, hakuna mtu. Wa nne: mbio za watoto shuleni. Mzee akashika mkono wa bintiye. Wa tano, wa mwisho, ulifika dakika ya arobaini. Mara akatokea mwanamke mwenye kilemba chekundu, anamfukuza mpiga picha kwa ufagio huku anacheka: "Niache, mwanamume wewe! Huna kazi?"

"Ndiye!" mzee akaruka kitini. "Ndiye huyo! Rudisha!"

Fundi akarudisha. Mara sita alirudisha. Mwalimu alilia, akajikuta ameegemea lile shati la bluu, na hakuondoka.

"Mkanda una nafasi?" mzee akauliza, akijifuta machozi.

"Dakika kumi, mzee."

"Mwanangu, shika kamera, uwashe. Nikifunguliwa macho nataka kitu kipya cha kutazama. Na wewe kijana, sema kile ulichoshindwa kusema Jumatatu."

Taa nyekundu ikawaka. Fundi akaikabili kamera, jasho linamtoka.

"Mwalimu, nilikupenda tangu kile kiwiko. Sitakudanganya tena. Nataka kukuoa."

"Siku tatu tu? Leo una pupa wewe!"

"Umenifunza hesabu."

"Haya, nimekubali, mpenzi."

"Na mikanda ya harusi yetu," fundi akaapa kwa furaha, "naihamisha yote siku hiyo hiyo!"

"Thubutu! Hiyo," akasema mwalimu, "kwa siku, mkanda mmoja."

Mzee akaangua kicheko, na kamera ikakinasa chote.