Kelele ya Baiskeli ya Bienfait

Mama Cibalonza, jirani wa mlango wa pili, husimulia hivi kila asubuhi kwenye foleni ya bomba. Jumamosi jioni, siku moja kabla ya mashindano ya baiskeli, alikuwa anaanua nguo zake, akamwona Zagabe amechuchumaa nyuma ya nyumba ya Mama Bienfait. Mkononi alikuwa na spana. Baiskeli ya Bienfait ilikuwa imelazwa mbele yake kama mbuzi wa kuchinjwa. Zagabe akafungua, akafunga, akatazama nyuma kama mwizi, akafungua tena. Kesho yake, kwenye mteremko wa barabara iendayo kijiji cha Miti, Bienfait akaanguka na hakuamka tena.

“Mimi sisemi kitu,” humalizia hivyo, akisogeza bidoni yake ya maji mbele. “Nasema paka tu kile macho yangu iliona. Bale wawili walikuwa banashindana. Moja amekufa, moja anatembea. Ni nyinyi mutajua.”

Noëlla aliyasikia maneno hayo kila siku, kwa sababu kuchota maji ilikuwa kazi yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita, dada mdogo wa Bienfait. Akitoka bombani alifagia uwanja, akamsaidia mama yake kujaza mafuta ya mawese kwenye chupa za kuuza soko la Kadutu, kisha akapanda kilima kwenda shuleni. Kazi zilikuwa zile zile. Kilichokosekana ni kaka wa kumpita kilimani kwa baiskeli, akimtania kama mwalimu mkuu, “Pisha, madamu direktrisi, sisi tuko na haraka.”

Zagabe alikaa chini kidogo, kwenye avenue hiyo hiyo, mtaa mmoja na wao. Yeye na Bienfait walianza kuendesha pamoja tangu wakiwa wadogo, na siku ya mashindano alikuwa nyuma yake barabarani. Siku ya maziko alikuja kubeba jeneza, wajomba wakauondoa mkono wake. Alisema neno moja tu: “Nilikuwa nakaza kiti.” Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Tangu siku hiyo watoto walimrushia mawe akipita. Wakubwa wa ukoo nao walisema kwamba Jumapili ya kumaliza kilio wangekwenda kwa mama yake na kumwambia ahame pamoja na mtoto wake.

Siku hiyo hiyo vitu vya marehemu vingegawanywa. Baiskeli ingechukuliwa na Tonton Cyprien wa Miti, mdogo wa baba yake Noëlla. Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya chuma, ya zamani, yenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo dume. Baada ya ajali ililetwa gurudumu la mbele likiwa limepinda na usukani umelala upande mmoja. Gurudumu lilinyooshwa. Usukani Papa Placide, baba yake Noëlla, aliuvuta kwa mkono mmoja, ukarudi mahali pake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ulirudi kwa urahisi namna hiyo.

Lakini baiskeli ilipiga kelele. Ukiisukuma hatua chache tu, ililia kwi, kwi, kwaa. Kila ilipolia, Mama Bienfait aliweka chini alichokishika, akaingia chumbani. Watu walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na bado wanamwita hivyo.

“Peleka ile velo kwa fundi,” Papa Placide alimwambia Noëlla. “Ikirudi hapa isilie. Mama yako hawezi kusikia ile sauti tena.”

Fundi alikuwa Muzee Gracien, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara inayoshuka kwenda Nyawera. Alikuwa amezeeka, na kitu cha karibu hakukiona vizuri.

“Macho yangu ya karibu imekwisha,” alisema. “Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa masikio. Kelele iko ngapi?”

“Moja, Muzee.”

“Panda kale kamulima, urudi uniambie.”

Noëlla alipanda. Vijana waliokaa kwenye ukuta walimcheka. “Noëlla, velo yako inakohoa. Uipeleke dispensaire.” Hakuwajibu. Alisikiliza. Aliporudi alisema, “Ziko nyingi. Moja inapiga tak kila mara mguu wa kushoto ukishuka. Ingine inalia kama mulango.”

“Sasa tunaongea. Sikia, binti yangu. Velo iko kama mutoto mudogo. Anaumwa tumbo, wewe unamukamata kichwa. Kelele ya mbele inaweza toka nyuma, ya nyuma inaweza toka mbele. Kwa hiyo tunagusa kitu kimoja tu, halafu unapanda tena. Ukigusa bitatu mara moja, hutajua ni kipi kilikuwa na makosa.”

Basi kila siku baada ya shule Noëlla alishuka kwa fundi. Kwanza alisafisha mnyororo kwa petroli na mswaki wa zamani, akapanda kilima: baiskeli ikalia vile vile. Akafungua kanyagio la kushoto, akatoa mchanga kwenye nyuzi zake, akapaka grisi, akakaza, akapanda. Ile tak ikafa. Ilibaki ile ya mlango.

“Panda tena, lakini usikae,” Muzee Gracien alisema. “Simama juu ya pedali. Ikinyamaza, ni kiti.”

Noëlla alipanda akiwa amesimama. Ililia zaidi.

“Basi kiti haina makosa. Angalia bulo yake tu.”

Noëlla aliinama. Bulo la kiti, yaani bolti yake, lilikuwa limekazwa vizuri, na pembeni mwake kulikuwa na grisi mpya. Akainua uso, akasema, “Muzee, Zagabe alisema alikuwa nakaza kiti.”

“Alisema hivyo? Na nani alikuja kuangalia?”

“Hakuna mutu.”

Muzee Gracien alipangusa mikono yake kwenye kitambaa kwa muda mrefu. “Shuka chini. Funga breki ya mbele. Sukuma usukani na mukono wa kushoto, halafu wa kuume.”

Upande wa kushoto ulikaa kimya. Upande wa kulia ukalia: kwaa. Noëlla alifungua utepe uliozungushiwa usukani, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Pale usukani unapobanwa katikati, aliona mstari mwembamba kama unywele, umezunguka chuma zaidi ya nusu. Kipande kidogo cha mwisho kiling'aa kama chuma kipya. Kwingine kote mstari ulikuwa mweusi wa kutu, na ndani ya ule weusi kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya machungwa. Alikigusa kwa kidole, akanusa.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa kwenye nguo zake za shule, kwenye mashuka, kwenye nywele za mama yake.

“Ni mawese,” alisema.

“Ndiyo maana,” Muzee Gracien alisema polepole. “Kile cheusi ni cha zamani, chuma ilikuwa napasuka kidogo kidogo. Ile kelele ilikuwa ni mupasuko. Kile cha kung'aa ni cha siku ya kuanguka. Mutu aliitia mafuta, ikanyamaza siku kidogo. Bienfait akafikiri imepona.”

Noëlla alikumbuka. Ilikuwa Jumanne, siku chache kabla ya mashindano. Mama yake alichuchumaa sebuleni na unyoya wa kuku, akachovya kwenye kikombe cha mawese, akapaka pote palipolia, kama watu wanavyopaka bawaba za mlango. “Velo yako inalia njaa,” alimwambia Bienfait. “Ngoja niipe chakula.” Bienfait aliutikisa usukani, akacheka. “Maman, imeshiba. Angalia, hailii tena.”

Noëlla alichukua kitambaa. Muzee Gracien alimshika mkono.

“Usipanguse. Mafuta imeingia ndani. Maana yake mupasuko ilikuwa pale mbele ya mafuta kutiwa. Zagabe alikuja siku gani?”

“Samedi, ile Jumamosi ya spana.”

“Na mafuta?”

Noëlla alitokwa na machozi, akageuza uso kuelekea barabarani. Mzee alielewa.

“Muzee, nikisema, Maman atafanya nini?”

“Sijui, binti yangu. Na usiposema, Zagabe atafanya nini?”

Mzee aliutoa usukani, akaufunga kwenye gazeti, akampa. Kesho yake ilikuwa ile Jumapili ya kumaliza kilio. Njiani Noëlla alipita mbele ya kwa Zagabe. Mama yake Zagabe alikuwa amepanga sufuria zake nje, anaziuza. Zagabe alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Aliuona ule mzigo wa gazeti mikononi mwa Noëlla, akatambua umbo lake, akainamisha kichwa. Hakumsalimia, kwa sababu alikuwa amezoea kutoitikiwa.

Noëlla hakuingia sebuleni, ambako Tonton Cyprien na wanaume wengine, pamoja na jirani Mama Cibalonza, walikuwa wanapanga mambo ya kesho. Alipita nyuma, akaingia jikoni. Mama yake alikuwa peke yake, anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo.

“Maman, angalia hapa.”

Mama Bienfait aliuchukua usukani, akausogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliuona mpasuko. Aliona rangi. Akapitisha kidole, akanusa, akakaa juu ya kiti kidogo cha mti. Sombe ilifurika ikamwagikia makaa, na hakuna aliyeitoa.

“Nilitia siku gani?” aliuliza.

“Mardi, Maman, ile Jumanne.”

“Mardi.” Alipangusa kidole kwenye kitenge. “Na yeye alisema imeshiba.”

Noëlla alipiga magoti, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Wakakaa hivyo hadi moto ulipoanza kuzimika. Kisha Mama Bienfait akasimama, akajifunga kitenge upya, akaingia sebuleni. Akauweka usukani mezani, katikati ya vikombe vya chai.

“Nilipaka mawese hapa, mardi,” alisema. “Mafuta iko ndani ya mupasuko. Zagabe alikuja samedi. Chuma ilikuwa imepasuka mbele ya yeye kufika.”

“Shemeji, wewe usijitie katika—” Tonton Cyprien alianza.

“Uniache niseme, Cyprien. Muwe munanusa, mumoja mumoja.”

Wakanusa. Mama Cibalonza, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alikuwa wa mwisho. “Mimi nilisema paka tu kile macho yangu iliona,” alisema kwa sauti ndogo.

“Uliona spana, dada,” Papa Placide alimjibu. “Kazi ya spana hukuiona. Na sisi tulio wanaume hapa, velo ilikuwa kwetu siku zote hizi, hakuna aliyeinama kuangalia. Nilirudisha usukani na mukono mumoja, sikujiuliza.” Akafunika uso wake kwa mikono.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya misa, Muzee Gracien alipanda kilima mwenyewe akiikokota baiskeli, na usukani mwingine mabegani. Noëlla alimshikia baiskeli, akakaza bulo kama alivyofundishwa, akapanda kilima cha avenue hadi juu na kurudi. Ilikuwa kimya, ukasikia matairi tu yakikanyaga kokoto. Tonton Cyprien aliichukua bila kusema mengi.

Mama Bienfait aliketi karibu na mzee. “Muzee, uniambie ukweli. Ni mimi nilimuua mutoto wangu?”

Muzee Gracien aliweka spana yake chini. Noëlla alisimama karibu, na mzee alimtazama yeye pia.

“Mafuta haipasue chuma, maman. Chuma ilipasuka yenyewe, ilikuwa nzee. Wewe ulitaka mutoto apate raha. Lakini sitakudanganya. Kelele ni neno. Velo ilikuwa nasema iko naumwa, na sisi wote, hata Bienfait, tulitaka tu inyamaze. Kabla ya kunyamazisha kitu, uliza kwanza kinalilia nini. Na mutu ni zaidi ya velo. Zagabe alisema maneno yake mara moja, tukamufunga kinywa, tukaenda na hadithi ya bombani sababu ilikuwa rahisi. Wewe Noëlla, ushike hiyo. Umefanya vizuri kuangalia, na kusema hata pale kusema kuliuma.”

Mama Bienfait aliinamisha kichwa. Hakulia. Baadaye alimshika Noëlla mkono, wakashuka pamoja hadi kwa Zagabe. Hakuingia ndani, kwa sababu hakukaribishwa. Alimwomba msamaha mama yake Zagabe kwanza, kama inavyopasa, akipiga goti mbele ya macho ya avenue nzima. Mama yake Zagabe alimwinua, wakashikana mabega, na wote wawili wakalia.

Kisha Mama Bienfait akamgeukia kijana.

“Zagabe, mwanangu. Hatuhamishe mutu. Hiyo imeisha. Lakini niko na kitu cha kukuomba.” Alimsogelea. “Wewe ulikuwa nyuma yake kwenye barabara. Watu wote waliniambia vile alianguka, na hakuna hata mumoja alikuwa pale. Wewe ulikuwa pale, na mimi sikukuuliza. Uniambie. Alikuwa anacheka? Alisema kitu?”

Zagabe alimtazama Noëlla, akatazama barabara. Akakaa juu ya godoro lililofungwa kamba.

Mama Bienfait aliketi kwenye ngazi ya mlango wao, akamvuta Noëlla akae karibu naye, wakangoja aseme mwenyewe.