Malkia wa Noti ya Urusi

Rafiki yangu Masila wa Kitengela alikuwa mtu wa kukusanya noti kuukuu za wafalme wa Urusi, na yaliyompata mwaka 1998 alinisimulia mwenyewe. Jumamosi moja alienda Kajiado kwa Mama Obonyo, mjane ambaye mumewe alisomea Urusi, naye mama huyo akamwuzia noti pana ya rubli mia yenye picha ya malkia.

"Ichukue, baba," mama alimwambia. "Mimi nimechoka nayo."

Jioni ile stima ikapotea. Masila akawasha taa ya mafuta, akaiinua noti mbele ya mwanga aone sura ya pili ya malkia iliyofichwa ndani ya karatasi, ile ionekanayo kwenye mwanga tu. Malkia huyo wa ndani alikuwa ameelekeza uso chumbani, ambako binti yake Masila, Ndanu, alilala akikohoa. Masila akaigeuza noti, maana ukigeuza karatasi, sura nayo hugeukia upande wa pili. Hii haikugeuka.

Mkewe Munyiva naye akajaribu. "Baba Ndanu, mbona huyu anaangalia mtoto?"

Kikohozi kikakatika. Walipotazama tena, ndani ya karatasi palikuwa peupe, sura haipo.

Nyuma ya ukuta wa chumba wakasikia nguo nzito ikiburutwa kwenye sakafu ya simiti. Masila akausukuma mlango wa chumba, ule usio hata na komeo. Haukusogea. Akaupiga bega mpaka akaishiwa nguvu, Munyiva akiita jina la Yesu.

Kisha kutoka gizani mle chumbani wakamsikia Ndanu, kwa sauti tulivu ya mtoto mwenye adabu: "Karibu, nyanya. Lakini mikono yako ni baridi."