Kidole Kilichorudi kwa Larissa

Programu ya kupandisha watoto madarasa haikutaka kwisha. Kila likizo kubwa Bulonza huianzisha, anakunywa chai, na akirudi anakuta imemaliza. Safari hii chai ilipoa, kompyuta ikaendelea kunguruma, na ofisi ya shule za parokia ikaanza kunuka udongo uliolowa, ingawa Bukavu nzima ilikuwa vumbi tupu la kiangazi.

"Joviale, unasikia ile harufu?"

Mwenzake wa ofisi alivuta pua. "Sisikie kintu. Ni curseur yako ndiyo imegoma."

Curseur ni kidole cha programu. Kinapita juu ya majina kwa mpangilio wa madarasa, kinamgusa mtoto, kinampandisha darasa moja, kinakwenda kwa mwingine. Ila ukimsogeza mtoto huku kidole nacho kinasonga, anaweza kujikuta tena mbele yake, akapandishwa tena, na tena. Ni kosa la aliyeandika programu, wala si uchawi, na Bulonza alilitambua mara moja. Akatafuta jina la mtoto anayekimbia hivyo.

Larissa. Binti yake.

Mwaka uliopita kilima kiliporomoka kwa mvua, kikamfunika Larissa akiwa darasa la tatu. Mwili haukupatikana, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufunga kilio. Viti vya matanga vilirudishwa kimyakimya, basi. Jina lake Bulonza alilifuta kwa mkono wake mwenyewe. Sasa lilikuwa pale: la nne, la tano, la sita.

"Yezu na Maria," Joviale akanong'ona. "Funga ile curseur, dada."

Hakuifunga. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikaa akimtazama binti yake akikua, la saba, la nane, na huko koridoni nyayo zenye matope zikaanza kutembea, kwanza nyepesi za mtoto, kisha za msichana, kila darasa zikizidi uzito, zikifika mlangoni na kuondoka na kufika tena, na harufu ya udongo ikimjaa kooni hata akahema kwa mdomo, na bado hakutaka kitu kingine duniani ila darasa moja zaidi.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, Cibalonza, aliyebaki nyumbani na Élie, mtoto wa pekee aliyesalia. Aliongea chini chini.

"Bulonza, kuna kintu hakiko sawa. Élie alikuwa ananisomea Injili. Sasa herufi zimemupotea. Ananionyesha A, anauliza ni nini."

Bulonza akalitafuta jina la Élie. Alikuwa la sita; sasa alikuwa la kwanza. Kila dada yake alipopanda, yeye alishuka.

"Ule si Larissa," Joviale alisema. "Ni kintu kimevaa jina yake."

"Na kama ni yeye?"

"Maman." Sauti ilitoka nyuma ya mlango, nayo Bulonza angeitambua hata katikati ya soko. "Imebaki darasa moja tu nimalize. Ngoja kiloko, kidogo tu."

Katika simu Élie alikuwa analia bila maneno, kama mtoto wa kunyonya. "Ananyauka mikononi mwangu!" Cibalonza alipiga kelele. "Bulonza! Fanya kintu!"

"Nisamehe, mutoto wangu," Bulonza alisema kuelekea mlangoni, na akaandika amri ya kufunga.

Kompyuta ikanyamaza. Harufu ikakatika. Bulonza alihisi amemzika mwanawe siku hiyo, kwa vidole vyake, na hakuwa na hata udongo wa kumrushia.

"Élie?" aliuliza simuni.

"Maman." Ilikuwa sauti yake ya siku zote, ya mvulana wa darasa la sita. Bulonza akaangua kilio cha furaha, Joviale akamshika mabega.

"Maman, usilie. Larissa iko huku kwa dirisha. Anauliza juu ya nini umemufungia inje."

Cibalonza alimnyang'anya simu. "Hatumufungulie! Bulonza, unanisikia? Nitafunga mapazia, nitaita Padiri. Sema kintu!"

Machozi ya Bulonza yalidondoka juu ya meza.

"Maman," alimwambia mama mkwe wake, "mumuulize kama anasikia baridi."