Tasbihi Kumi na Saba

Bibi Mwatumu wa Kwedizinga hakuwahi kuvaa saa. Kila asubuhi, Hajira akifagia uwanja, yeye alikaa kibarazani na tasbihi yake. Uji wake uliiva kwa tasbihi tatu, na kisimani palikuwa mwendo wa tasbihi nne. Hajira, mjukuu wake wa darasa la sita, alishapima: tasbihi moja nzima ilichukua dakika tano.

Shangazi Maryamu alipojifungua huko Mwanza, alimtumia Bibi, mama yake, tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam. Bibi alikuwa na presha na hata ghorofani hakuwahi kupanda. Akaogopa.

"Mjukuu wangu, huko angani nitakaa tasbihi ngapi? Nipimie kwenye ramani yako."

Wenzake Hajira walikuwa wakimsubiri kucheza rede. Hajira aliitupia ramani jicho tu, rula ikabaki mkobani.

"Nimepima, Bibi. Dakika arobaini. Tasbihi nane."

Nane Bibi aliziweza. Akafunga mzigo, akaenda kulala Dar kwa ndugu yake.

Kesho yake asubuhi, Mwalimu Kasmiri alifundisha skeli ya ramani. Hajira akaweka rula kutoka Dar hadi Mwanza: sentimita kumi na saba. Kila sentimita ilikuwa kilometa hamsini, kwa hiyo ni kilometa mia nane na hamsini. Mwalimu alisema wachukulie kwamba ndege inakwenda kilometa mia sita kwa saa. Hajira akagawanya, akarudia. Dakika themanini na tano. Tasbihi kumi na saba!

Akilini alimwona Bibi akimaliza ya nane, chini hakuna uwanja wa ndege, akidhani rubani amepotea. Na ile presha yake! Ndege ilikuwa ya saa saba mchana, na sasa ilikuwa saa tano.

Aliona aibu, maana darasani ndiye aliyesifiwa kwa hesabu. Hata hivyo alisimama, akaeleza yote mbele ya wenzake. Mwalimu Kasmiri hakumkaripia. Alitoa simu yake, akampa Hajira ampigie Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Nilikudanganya, sikupima. Ni tasbihi kumi na saba."

Sauti za watu wa uwanja wa ndege zilisikika simuni.

"Na sasa umepima?"

"Nimepima, Bibi. Mwalimu ameona."

"Haya. Nitapanda."

Mchana ule Hajira hakula vizuri. Alasiri simu ya baba yake ikaita.

"Nilikuwa kwenye ya kumi na sita tukagusa chini," Bibi alisema, huku kitoto kikilia karibu naye. "Ya kumi na saba nimeimalizia uwanjani, nikimshukuru Mungu."

Hajira akacheka, machozi yakimtoka. Alijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Bibi akaendelea. "Ukikosea hesabu, nitakusamehe. Lakini usiniambie umepima na hukupima. Sema hujapima bado, mimi nitakusubiri. Nina tasbihi yangu."