Miguu ya Cherehani Ndani ya Ndege

Mama Pindo ni fundi wa nguo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilokunja yeye halifumuki. Nguo itachakaa kote, lakini pindo litabaki pale pale likikutazama.

Kazi yake huifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba. Kuna meza ya kukatia vitambaa, pasi, na cherehani mbili za kukanyaga. Moja ni yake. Ya pili ni ya binti yake.

Binti alianza kukanyaga cherehani kabla miguu yake haijafika chini vizuri. Mama alimfundisha kwa msemo wake mwenyewe: "Mguu ukilala, uzi unakatika." Maana yake ni kwamba mguu wa mshonaji hautulii. Vidole chini, kisigino chini. Vidole, kisigino. Gurudumu likitaka kurudi nyuma, unalipiga haraka huku na huku mpaka litii. Binti alilishika somo hilo. Akawa na miguu myepesi kuliko ya mama yake, na mama alijivunia jambo hilo mbele ya kila mteja, hata aliyekuja kushonewa kifungo tu.

Kisha binti akapata nafasi ya kusomea urubani. Mtaa ukasema, maana mtaa haukosi la kusema. Wengine walidai mtoto wa fundi nguo anakwenda kutia mawingu viraka. Mama Pindo aliwajibu kwamba mawingu yakichanika, wao ndio watakaonyeshewa.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Halafu siku moja binti alirudi kutoka chuoni, akaketi kwenye cherehani yake, lakini hakushona.

"Kulikoni, mwanangu?" mama aliuliza.

"Mwalimu amenizuia kuruka peke yangu."

"Umekosa nini?"

"Miguu."

Mama aliitazama miguu ya mwanawe. Ilikuwa ile ile, miwili, mizima.

"Miguu imefanya nini?"

"Anasema haitulii. Leo tulipogusa chini, ndege ilivutika kidogo kushoto. Nikakanyaga kulia. Ikazidi. Nikakanyaga kushoto, halafu kulia, halafu kushoto, haraka haraka. Matairi yakalia. Tukayumba kama walevi. Mwalimu akaichukua ndege mwenyewe."

"Pole. Amekugombeza?"

"Ingekuwa heri angenigombeza. Alisema kwa upole kabisa. Nisiporekebisha miguu kabla ya mtihani wa muhula huu, chuo kitaniachisha. Amesema hawezi kunipa ndege na jeneza kwa pamoja."

Mama Pindo aligeukia meza ya kukatia. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

Ng'ambo ya ukuta alikaa jirani yao, fundi wa ndege. Mtaa mzima humwita Spana. Ovaroli zake hutoboka magotini kila mara, na Mama Pindo ndiye huzitia viraka. Jioni ile mama alimbishia hodi akiwa mikono mitupu.

"Jirani, leo sikuletei ovaroli. Nakuletea shida."

Spana alisikiliza mpaka mwisho. Hakukatiza.

"Kesho njooni kazini kwangu," alisema. "Nitaomba ruhusa kwa mkubwa wangu. Kuna ndege ya mafunzo iko kwenye matengenezo. Jambo la miguu halielezeki kwa mdomo tu."

Kesho yake asubuhi wakaenda. Mama Pindo alikuwa amezoea kuona ndege zikiwa juu, ndogo kuliko kidole gumba. Sasa alisimama chini ya bawa la ndege, ndani ya banda lenye paa refu. Ndege yenyewe ilikuwa ya watu wawili tu. Pua yake ilikuwa imenyanyuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele haligusi sakafu. Aliweka kiganja ubavuni mwake taratibu, kama anavyopima kitambaa kizuri. Akaona vichwa vya ribiti, ile misumari inayounganisha mabati ya ndege, vimepangwa mstari kwa mstari, bila hata kimoja kupinda.

"Aliyeshona hii si mtu wa kawaida," alisema kwa sauti ya chini.

Spana alicheka, akawapeleka nyuma, mkiani.

"Ona hapa, Mama Pindo. Kuna bapa limesimama wima. Sehemu ya mbele imekazwa, haisogei. Sehemu ya nyuma imeshikwa kwa bawaba, kama mlango. Huu ndio usukani wa mkia."

"Nani anauendesha?"

"Huyu binti yako, kwa miguu."

"Akiwa kule mbele?"

"Kule kule mbele. Kuna nyaya za chuma zinapita chini ya sakafu kutoka kwenye pedali mpaka hapa. Binti, panda. Sukuma mguu wa kushoto."

Binti alipanda kwenye kiti cha rubani, akasukuma. Usukani ukageuka kushoto kimya kimya, bila kuguswa na mkono wa mtu. Mama Pindo alirudi nyuma. Mwili ulimsisimka. Alimlea mtoto huyu, alimfunga kamba za viatu kwenye miguu hiyo hiyo, na sasa mguu huo ulikuwa unaamuru mkia wa ndege.

"Mguu wa kushoto, usukani kushoto," Spana alieleza. "Hewa inausukuma mkia kwenda kulia, basi pua inageukia kushoto."

"Hewa? Hii tunayovuta?"

"Hii hii. Hujawahi kutoa mkono dirishani gari likienda kasi?"

"Nimewahi. Ulitaka kung'oka."

"Sasa mwendo uongezeke, na mkono uwe mpana kama mlango."

Mama Pindo alitazama mbele yake, pale pasipo na kitu. Umri wote huo aliishi ndani ya hewa na hakuwahi kuipa heshima yake. Aliona haya kidogo.

"Zamu yako," Spana alimwambia. "Panda na wewe. Weka miguu tu, uone pedali zilivyo."

Binti alishuka, mama akapanda kwa kusaidiwa. Akaweka miguu kwenye pedali, mikono akaificha mapajani asije akaharibu kitu. Huku nyuma Spana akaanza kucheka. Akamwita binti aje mkiani aone.

Usukani ulikuwa unapunga. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika, kama mbwa aliyemwona mwenye nyumba.

"Mama Pindo," Spana aliita, "nani kakwambia uuchezeshe?"

"Mimi? Sijachezesha chochote. Nimeweka miguu tu."

Binti alishika mdomo. Alikimbia mbele, akachungulia chini ya paneli ya saa za vipimo, mbele ya kiti. Miguu ya mama yake ilikuwa ikibembea yenyewe, mmoja ukienda mbele, mwingine ukirudi nyuma. Vidole, kisigino. Vidole, kisigino.

"Mama," alisema, "unashona."

Mama aliinama, akaona. Miguu ikasimama.

"Ugonjwa tumeujua," alisema Spana. "Hii miguu ni ya cherehani, na binti ameirithi. Sasa sikilizeni wote wawili. Pedali ya ndege haibembei. Inasukumwa mbele, kama droo ya kabati. Kisigino kinakaa sakafuni. Sehemu ya chini ya pedali ni ya usukani. Sehemu ya juu ni breki. Ukibinya vidole huku juu, umefunga breki bila kujua. Ndiyo maana matairi yalilia."

"Na ule mchezo wa kulia na kushoto?" binti aliuliza.

Spana aliacha kucheka.

"Huo ndio mbaya zaidi, hasa angani. Ukisukuma mguu wa kulia kwa nguvu, pua inakwenda kulia, mkia unakwenda kushoto. Hewa haitaki. Inaanza kuurudisha mkia mahali pake. Sasa wewe, kabla ndege haijatulia, unakanyaga kushoto kwa nguvu. Hewa inasukuma mkia, na usukani wako unasukuma mkia, wote upande mmoja. Mama Pindo, upepo ukiwa unafunga mlango kwa kishindo, halafu mtu akauongezea teke, inakuwaje?"

"Bawaba zinang'oka."

"Basi fikiria anarudia. Kulia, kushoto, kulia. Hata mkia wa ndege kubwa ya abiria unaweza kuvunjika kwa mchezo huo. Wahandisi wameupa nguvu nyingi, lakini hawakuujenga upigwe mateke huku na huku."

Mama Pindo aliutazama ule mkia mrefu, mzuri, akaona jinsi uzuri wote ule ulivyotegemea adabu ya mguu. Kisha machozi yakamlenga.

"Basi mimi ndiye niliyemharibu," alisema. "Nilimwambia mguu usilale."

"Hukumharibu. Kila kazi ina mguu wake. Wewe ulimpa mguu unaosikia. Kilichobaki ni kuufundisha kungoja."

"Afanyeje?"

"Asukume kidogo. Ashikilie. Asubiri ndege ijibu. Kisha aachie polepole."

"Na atajuaje kama amesukuma vya kutosha?"

Hapo binti alijibu mwenyewe. "Kuna goroli ndani ya kijibomba cha kioo, mbele ya rubani. Ndege ikienda kiubavu-ubavu, goroli inatoka katikati. Goroli ikienda kulia, unasukuma mguu wa kulia mpaka irudi. Ikienda kushoto, mguu wa kushoto."

"Haya, darasani unasikiliza," alisema mama, akajifuta macho.

Kabla hawajatoka, Spana aliwaonyesha kizuizi chenye kitambaa chekundu. Ndege ikilala nje, usukani hufungwa nacho ili upepo usiupigize. Kabla ya kuruka lazima kitolewe. Kisha rubani husukuma pedali kulia na kushoto, taratibu, na kuhakikisha usukani unakwenda bila kukwama na unakwenda upande unaotakiwa. Chini ya miguu hapaachwi kitu. Chupa ya maji ikiviringika nyuma ya pedali, mguu utasukuma na usukani hautatii.

Toka siku hiyo binti alipigwa marufuku kugusa cherehani. Mama mwenyewe alitoa amri. Alichukua ubao, akaupigilia msumari mmoja katikati juu ya kipande cha mbao, ukawa unazunguka. Binti alikaa kwenye kiti, visigino chini, mguu mmoja kila ncha ya ubao. Mama alishona huku akimsimamia.

"Pua imekwenda kushoto," mama alitangaza.

Binti alisukuma mguu wa kulia.

"Shikilia. Nani kakwambia uachie? Ngoja. Ngoja bado. Haya, rudisha. Polepole, hufukuzwi na mtu."

Wateja walilalamika kwamba nguo zinachelewa. Mama Pindo aliwaambia nguo haina moyo, itangoja. Mara nyingine miguu ya binti ilisahau ikaanza kubembea, na mama akaugonga ubao kwa mkasi. Chuoni nako mwalimu alianza kukaa mikono kifuani badala ya kukaa tayari kunyang'anya ndege. Hakusifu. Alisema tu, "Endelea hivyo hivyo."

Siku ya mtihani ilikuja na upepo wa ubavuni. Mama Pindo na Spana walisimama nje ya uzio. Ndege iliruka na kutua, mwalimu akiwa ndani. Ikasimama pembeni ya njia ya kurukia. Mlango ukafunguka, mwalimu akashuka. Akaufunga mlango, akaondoka zake akitembea.

"Mbona anamwacha?" Mama Pindo aliuliza.

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema Spana. "Sasa yuko peke yake."

Ndege ilikimbia, ikainuka. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, na kwenye kile kingine alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama Pindo alishika uzio kwa mikono miwili. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha.

Ndege ilizunguka, ikaja kutua. Lakini ilikuja imekaa upande. Pua ilielekea kwenye upepo, si kwenye njia.

"Jirani, imepinda," mama alisema. "Spana, imepinda."

"Ni sawa. Anaegemea upepo usimtoe njiani. Subiri. Tazama mkia."

Ndege ilishuka, ikashuka, ikakaribia kabisa kugusa chini. Hapo usukani wa mkia ukageuka. Mara moja tu. Pua ikanyooka taratibu, ikalingana na mstari wa katikati, na usukani ukashikiliwa pale pale. Hakuna aliyeuchezesha. Magurudumu yakagusa, kwanza la upande wa upepo, kisha la pili, kisha la mbele. Matairi hayakulia. Kitu kizito kama kile kilikuwa kimegeuka angani, kwa adabu, kwa sababu mguu mmoja ulisukuma na kungoja.

Mama Pindo alilia bila aibu. Spana naye alijifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Baadaye binti alikuja kwenye uzio, mwalimu akiwa nyuma yake. Mwalimu alimsalimu Mama Pindo kwa mikono miwili.

"Miguu imepona," alisema. "Kesho ataruka tena peke yake."

Mama alipitisha vidole kwenye matundu ya waya, akamshika mwanawe mkono.

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana, mama," binti alisema. "Ila miguu sikuiambia."