Bwana Pole Apanda Kioo

Hebu niambieni, wajukuu zangu: mkimwona konokono wa maji amepanda kioo hadi juu kabisa, mtasema anatoroka?

Mtoto mmoja, Kidoti, alisema hivyo. Kila asubuhi, akiwa bado na mswaki mdomoni, alimkuta konokono wa dada yake, Bwana Pole, ameng'ang'ania ukingo wa tangi. Akamsukuma chini kwa kijiko. "Mtoro wewe! Utaniponza!"

Dada yake alikuwa shule ya bweni. Aliacha maagizo mawili tu: chakula kidogo, na maji yabadilishwe kila Jumamosi. Kidoti alirundika majani ya kabichi mpaka yakaoza. Maji hakuyagusa, ndoo ni nzito, na kamba ya kuruka ni tamu.

Kila dada alipopiga simu, neno la kwanza lilikuwa, "Bwana Pole hajambo? Maji umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

 

Siku dada anarudi likizo, Bwana Pole alikuwa chini ya tangi, amejifungia ndani ya gamba kwa kifuniko chake, kimya kama kokoto. Kidoti alikwenda kusimama kando ya cherehani ya mama yake.

"Mama, nimemuua. Maji sikubadilisha. Nilidanganya. Na kila akipanda juu, nilimsukuma chini kwa kijiko."

Mama akasimamisha cherehani. Akamtoa konokono, akamnusa. "Aliyekufa hunuka uvundo usiovumilika. Huyu ananuka tope tu." Akanusa na tangi, akakunja uso. "Lo! Hata mimi ningepanda juu kutafuta hewa. Mwenzio anaomba msaada, wewe unamsukuma kwa kijiko?"



Ilikuwepo ndoo ya maji ya bomba yaliyolala tangu jana, dawa ya kusafishia maji imekwisha kutoka. Kidoti aliosha tangi, akayamimina mwenyewe, kikombe baada ya kikombe. Jioni kifuniko kikafunguka. Pembe mbili zikachungulia.

"Umeona?" mama alisema. "Asiye na mdomo alisema kwa kupanda. Wewe mwenye mdomo, kosa liseme mapema, kabla halijaoza."

Mlango ukafunguliwa. Dada akaingia na begi lake. "Bwana Pole yuko wapi?"

Kidoti alieleza yote, bila kuficha hata kijiko. Dada akashusha begi polepole.

"Sasa mbona kwenye simu hukuniambia?"

"Kila ukipiga unamuulizia yeye," Kidoti alijibu. "Mimi nilitaka siku moja tu uniulize, 'Mdogo wangu, hujambo?'"