Kikohozi Katika Chumba cha Baba

Kila asubuhi Agatha alifagia uwanja, kisha akabeba ndoo kwenda bombani kabla foleni haijawa ndefu. Kazi hizo hakuzichukia. Alichochukia ni kupita chini ya dirisha la chumba cha baba yake. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, msimu wa kupuliza dawa ya unga ya salfa kwenye mikorosho, na chumba kikafungwa. Lakini sasa mtu alikuwa akikohoa humo: mara mbili kwa haraka, kisha kikohozi kimoja kirefu cha kukata pumzi. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akikohoa marehemu.

Agatha alijua fika kwamba aliyelala humo ni kaka yake Alfredi, aliyerudi kijijini kwao Mnyambe baada ya kumaliza kidato cha sita. Hata hivyo, mwili ulimsisimka. Mama naye alikuwa akisikia. Kila kikohozi kilipoanza, alitwanga kwa nguvu zaidi ili sauti ya kinu ikimeze.

"Salfa hiyo," Mama alisema bila kuulizwa. "Mikorosho ikipulizwa, nani hakohoi?"

Ndivyo walivyosema hata kuhusu baba, mpaka siku ya mazishi. Na mwaka huu msimu wa salfa ulikwisha, kikohozi kikabaki.

Kisha ikaja habari njema. Alfredi alipata ufadhili wa kusomea uhandisi Uchina: masomo, chakula na malazi, vyote bure. Majirani walikuja kumpongeza. Kilichobaki ni viza, na ili aipate alitakiwa kupeleka cheti cha afya chenye picha ya kifua. Aliposoma sharti hilo, Alfredi alikunja uso akaingia chumbani.

Jumamosi, Agatha alipokuwa akifua nguo za kaka yake, alikuta kitambaa chenye damu kwenye mfuko wa shati. Alfredi alimpokonya upesi.

"Kaka, mwambie Mama!"

"Nimwambie nini? Wakiliona pafu langu, viza sipati. Zabroni atakwenda nami hospitali Masasi. Jina langu likiitwa, yeye ndiye atakayeingia kupigwa picha. Nitatibiwa hukohuko Uchina. Ukifungua mdomo, Agatha, wewe ndiye utakayeniua."

Zabroni alikuwa rafiki wa Alfredi, kijana wa miraba minne asiyejua kumkatalia rafiki. Agatha alinyamaza, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Darasani alisikia kikohozi. Kanisani alisikia kikohozi. Aliogopa kusema, na kunyamaza nako aliogopa.

Siku ya safari, Mama alimpa Agatha kuku wa kumpelekea shangazi yake huko Masasi, kwa hiyo wakaondoka watatu. Hospitalini, Agatha na Zabroni waliketi kwenye benchi. Alfredi alisimama nje, karibu na dirisha, kama mpita njia.

Muuguzi aliita, "Alfredi!"

Zabroni akainuka. Wakati huohuo, nje ya dirisha, kikohozi kikaanza: mara mbili kwa haraka, kisha kile kirefu. Agatha alimwona baba yake kitandani, amekonda, akiomba maji. Akasimama ghafla, kikapu kikaanguka na kuku ndani yake.

"Shikamoo, nesi," alisema. "Huyo siye Alfredi. Alfredi ni yule anayekohoa nje."

Zabroni alirudi kuketi, ameinamisha kichwa. Alfredi alimtazama mdogo wake kupitia dirisha, mpaka muuguzi alipotoka kumwingiza ndani.

Vipimo vyake vilionyesha kifua kikuu. Mama na Agatha nao wakaitwa kupimwa, wakakutwa salama. Daktari Mwanaisha, mama mtu mzima asiyezungusha maneno, aliwaketisha wote.

"Ugonjwa huu unapona," alisema. "Dawa ni bure, miezi sita bila kuruka hata siku moja. Nitaandika barua, tukiombe chuo kikusubiri. Lakini ungesafiri hivi, ungewaambukiza wenzako, na huenda usingefika hata mtihani wa kwanza. Mficha maradhi, kifo humfichua. Kikohozi kikizidi wiki mbili, msikipe jina wenyewe. Njooni mpimwe."

Mama aliuliza polepole, "Daktari, na baba yao? Naye alikohoa hivi hivi. Sisi tulisema ni salfa."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Sikumpima, mama. Siwezi kukwambia."

Njia nzima ya kurudi Mnyambe Mama alitazama mikorosho, machozi yakimtiririka.

Chuo kilikubali kusubiri. Alfredi alimeza dawa zake mpaka mwisho, ingawa kwa muda mrefu hakumjibu Agatha hata salamu. Mwaka uliofuata alipigwa picha ya kifua chake mwenyewe, akapata cheti, na viza ikatoka.

Asubuhi ya kuondoka, aliweka begi chini mbele ya mdogo wake.

"Nisamehe. Moyoni nilikuwa nikikuita msaliti."

Agatha alilia. Mama alimvuta karibu.

"Hasira za kaka yako zilikuumiza, mwanangu, najua," alisema. "Mimi niliogopa kumuudhi baba yenu kwa kumwambia akapimwe, nikanyamaza, nikamzika. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli angali hai na anaweza kukukasirikia."